Aliyepiga Ni Nani, Pombe au Shija?

Anayeishi Katoro, Nyarugusu, Rwamgasa au jirani na machimbo yoyote ya dhahabu hapa Geita hahitaji kalenda kujua ugomvi utakuwa lini. Duara, yaani shimo la dhahabu, likitema na mgawo ukishatolewa, jioni baa zinajaa, vilabu vya pombe za kienyeji vinajaa, na usiku kuna mtu atapigwa. Asubuhi mpigaji anaomba radhi kwa kauli ileile: "Sikuwa mimi, ilikuwa pombe." Wazee wanaitikia, mke anaambiwa avumilie, na watoto waliokuwa nyuma ya mlango wamesikia yote. Hilo nalo ni somo, na wamelielewa vizuri: ukilewa, unalolifanya si lako.

Makala haya yanakuonyesha jinsi ya kuwafundisha vijana wa miaka 13 hadi 19 somo lililo kinyume na hilo, kwa kutumia mchezo wa kuigiza. Si lazima uwe msanii. Unaweza kuwa mwalimu, mlezi wa vijana kanisani au msikitini, mjumbe wa mtaa, au dada wa jirani ambaye watoto wanamsikiliza.

Huenda unajiuliza kwa nini maigizo, wakati semina ipo. Kijana wa umri huu amekwisha hubiriwa vya kutosha. Ukimwambia pombe ni mbaya atajibu "ndiyo mwalimu", kisha atatoka nje na kuendelea na lake. Jukwaani hawezi kujibu hivyo. Inabidi asimame mahali pa mtu fulani, aambiwe maneno ya kuudhi, na aamue mkono wake uende wapi. Mambo haya yalishafanyika kwa majirani zetu. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando anayejulikana pia kama Penina Mlama, walikwenda kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Waliwauliza wanakijiji linalowasumbua, na vijana wa palepale wakaigiza kuhusu mimba za wasichana wa shule, kisha watazamaji wakajadili. Mwaka 1996 chuo hichohicho kilianzisha mradi wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kusema yanayowakwaza shuleni. Naye Mbrazili Augusto Boal alikuwa amebuni njia inayomruhusu mtazamaji kusimamisha mchezo, kupanda jukwaani na kubadilisha mambo. Ninachokueleza hapa kimechota kwa hawa wote.

Kabla ya kutunga lolote, liweke wazi kichwani somo lenyewe, kwa sababu wengi hukosea hapo. Wanatunga mchezo wa kusema pombe ni mbaya. Sawa, lakini kijana ambaye baba yake hupiga watu akiwa mlevi anahitaji kusikia jambo jingine: kati ya kikombe na ngumi kuna uamuzi. Pombe huidhoofisha ile sehemu ya ubongo inayotuzuia kufanya upuuzi, na ubongo wa kijana bado unakua mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo breki zake zenyewe hazijakomaa. Hiyo ni kweli ya kitabibu na usiwafiche. Ila pombe haimchagulii mlevi nani wa kumpiga. Mtazame mtu yuleyule akiwa klabuni mbele ya baunsa: ananyenyekea. Akipita mbele ya polisi anajikaza asiyumbe. Akifika kwake, kwa mke au mdogo wake, ndipo "pombe inamtuma". Kwa hiyo macho yalikuwa yanaona. Ukifanikiwa kuwafanya vijana waione tofauti hiyo kwa macho yao, kazi yako imekwisha kwa sehemu kubwa.

Uanzie wapi? Anza na ruhusa, maana mradi wa vijana usio na baraka za mkubwa yeyote hufungwa siku ya pili. Shuleni, mwone mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa malezi, yaani yule anayeshughulikia ushauri wa wanafunzi, na uombe saa moja na nusu kwa wiki, Ijumaa baada ya vipindi au Jumamosi asubuhi. Mtaani au kijijini, mwone mtendaji na mwenyekiti. Kwenye machimbo, zungumza na msimamizi wa eneo. Vijana wengi waliokwisha acha shule utawapata huko kwenye makarasha yanayosaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, na hao ndio wanaohitaji mchezo huu kuliko wote. Nenda pia halmashauri ukaonane na Afisa Utamaduni na Afisa Ustawi wa Jamii. Wa kwanza atakuambia kama onyesho la hadharani linahitaji kibali, kwa kuwa michezo ya kuigiza ina sheria yake tangu 1976. Wa pili ni muhimu zaidi, na sababu nitaieleza mbele.

Wazazi wajulishwe kwa maandishi, hata kama ni karatasi ya daftari. Andika saa, mahali, jina la msimamizi na somo. Usiandike "mchezo kuhusu walevi", maana kuna baba ataisoma na kujiona ndiye anayesemwa. Andika "mchezo kuhusu hasira, vileo na maamuzi ya vijana."

Gharama? Inaweza kuwa karibu na bure. Jukwaa ni kivuli cha mwembe au darasa lililosogezwa madawati. Mavazi ni khanga, koti kuukuu, kofia ya mgodini. Pombe ni maji ndani ya kikombe cha plastiki, na hapo sina mzaha: tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho kusiwe na tone la kileo, hata chupa tupu ya bia isiingie. Kinachohitaji fedha ni daftari na kalamu za kuandikia mawazo, maji ya kunywa, na kitafunwa kidogo. Watoto waliotoka shule na njaa hawaigizi. Kama mna onyesho mnadani au uwanjani mtahitaji spika, na kuikodi ndiko kutakakomaliza mfuko. Ongea na kanisa, msikiti au ofisi ya kata kabla hujakodi, mara nyingi wanayo ya kuazima.

Chukua vijana kumi hadi kumi na watano, wavulana na wasichana. Kikao cha kwanza wasiigize. Wape mchezo wa kuchangamka, kisha uwaulize: ugomvi wa walevi hapa kwetu huanzaje? Huwa ni saa ngapi? Nani huwa pale? Nani huondoka? Andika majibu. Weka sharti moja na ulirudie: hakuna jina la mtu, hakuna "nyumbani kwetu", wala "yule jirani wa Mama fulani". Tunasema "kuna mtu". Geita ni ndogo, na mtoto aliyemtaja baba yake jukwaani atarudi kulala nyumba hiyohiyo.

Kutokana na majibu yao, tungeni kisa kimoja kifupi, cha dakika kumi au kumi na mbili. Huu hapa mfano wa kuanzia, ubadilishe utakavyo. Shija ana miaka 17. Aliacha shule kidato cha pili, anabeba mifuko ya mawe kwenye karasha. Leo amelipwa fedha nyingi kuliko siku zote. Ameahidi nyumbani kwamba atamnunulia sare mdogo wake, Milembe. Wenzake wakubwa wanamvuta klabuni wakimwambia mwanaume hatoki mgodini mkavu. Anakunywa gongo. Na hapo klabuni, katika kupita, anamkanyaga mtu mmoja mkubwa, mwenye mikono kama nguzo.

JITU: We dogo, umenikanyaga.

SHIJA: Samahani sana, kaka. Sikukuona. Nisamehe.

JITU: Pita.

Kisha Shija anafika nyumbani. Dada yake Doto amekaa mlangoni.

DOTO: Shija, hela ya sare ya Milembe iko wapi?

SHIJA: Usinipandishie sauti.

DOTO: Sijapandisha. Nimeuliza tu.

Shija anainua mkono. Hapo wewe mwongozaji unapiga makofi na kusema: "Ganda!" Wachezaji wote wanabaki walivyo, mkono ukiwa juu.

Usiruhusu pigo lionekane. Kuna sababu mbili. Watoto wanaoigiza kupigana huishia kuumizana kweli, na ndani ya watazamaji wako wapo waliopigwa juzi. Mkono uliosimama hewani unatosha, tena unawapa watazamaji nafasi ya kufikiri kabla haujashuka.

Sasa waulize. "Shija amelewa?" Watasema ndiyo. "Amelewa sana?" Ndiyo. "Mbona kule klabuni aliweza kuomba radhi?" Nyamaza, usiwasaidie. Atajitokeza mmoja aseme: kwa sababu jitu lingempiga. Swali linalofuata linajiuliza lenyewe: kwa hiyo Shija alijua anachokifanya?

Baada ya hapo sema "turudi nyuma", na uwakaribishe watazamaji wapande, mmojammoja, wachukue nafasi ya Shija pale wanapoona angeweza kugeuza mambo. Sehemu zipo nyingi: anapopokea malipo, mwenzake anapomvuta, baada ya kikombe cha kwanza, njiani, mlangoni. Vijana watagundua wenyewe kwamba kadiri unavyokaribia mlango ndivyo inavyokuwa ngumu, na kwamba uamuzi ulio rahisi kuliko yote ulikuwa saa kumi na moja jioni, fedha zikiwa bado mfukoni: kupitia dukani kwanza, au kumpa mama fedha za sare akiwa bado na akili timamu.

Jiandae kwa pendekezo moja ambalo halikosekani. Kuna atakayesema, "Doto angenyamaza." Usimkemee. Mwambie mwigizaji wa Doto anyamaze, mchezo uendelee. Shija mlevi atatafuta sababu nyingine: chakula kimepoa, mlango umechelewa kufunguliwa, mbona unaniangalia hivyo. Watazamaji wataona kwamba ukimya wa Doto haukumwokoa. Hili likionekana jukwaani lina nguvu kuliko hotuba yoyote ya haki za wanawake, na nimekuwa nikiamini kwamba ndiyo dakika yenye thamani kubwa katika mchezo mzima.

Pendekezo jingine ni la miujiza: Shija anaokoka ghafla, au radi inampiga. Watacheka, cheka nao. Halafu weka kanuni kwamba jukwaani kwetu hakuna muujiza. Kila suluhisho liwe jambo ambalo mtu wa Rwamgasa anaweza kulifanya Jumamosi ijayo.

Kuhusu kicheko kwa jumla. Mlevi ni kipenzi cha vichekesho vyetu. Akiyumba tu, watu wanaanguka kwa kicheko. Usipigane na kicheko hicho, lakini usikiache kiende mpaka mwisho. Mwache Shija achekeshe njiani kutoka klabuni, aimbe ovyo, apotee njia. Akifika mlangoni, ucheshi ukome mara moja. Ukimruhusu achekeshe hadi mkono unapoinuka, umewafundisha watoto kwamba kumpiga Doto ni sehemu ya utani.

Vilevile angalia usimfanye mama muuza pombe kuwa shetani wa mchezo. Wapo kwenye darasa lako watoto wanaosomeshwa na mama huyo. Mpe maneno: aseme ana watoto wanne, aseme alikwisha mwambia Shija atosheke. Sheria inamhusu, ndiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18 na inakataza kumuuzia kileo, na gongo yenyewe ni haramu kwa kila mtu bila kujali umri. Waambie pia vijana sababu ya kiafya: katika pombe ya kukoroga kienyeji inaweza kuwemo methanoli, aina ya spiriti yenye sumu inayopofusha na kuua. Lakini mchezo ukiishia kwenye kumlaumu muuzaji, Shija ametoroka.

Kipande cha pili cha mchezo ni asubuhi yake, na wengi hukisahau. Tuchukulie kwamba mkono ulishuka. Shija ameamka. Doto ana jicho lililovimba. Toa sharti kwa mwigizaji: katika kipande hiki haruhusiwi kutamka neno "pombe" wala "shetani". Aseme alichofanya, kwa kutumia "nili-". Nilikupiga. Nilitumia fedha ya sare. Utashangaa jinsi kijana anavyokwama, anavyoanza sentensi mara tatu. Kisha waulize watazamaji afanye nini, siyo aseme nini: ampeleke Doto zahanati, arudishe fedha kidogokidogo kila malipo, awaambie wenzake Jumamosi haendi. Huo ndio uwajibikaji, yaani kukubali kwamba tendo ni lako na kubeba gharama yake. Doto naye asilazimishwe kusamehe mbele ya watu. Akitaka kwenda polisi, mchezo umwache aende.

Hapo ndipo maswali ya sheria yatakapokuja, na ni vizuri ualike Polisi Kata au mtu wa Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo ni kitengo cha polisi kinachopokea kesi za ukatili wa majumbani. Wewe mwenyewe ujue haya machache. Kanuni ya Adhabu, sheria inayotaja makosa ya jinai, haikubali ulevi kuwa utetezi kwa mtu aliyekunywa kwa hiari yake. Inampa nafasi finyu tu, kwa mfano aliyeleweshwa na mwingine kwa hila, au aliyelewa hadi kurukwa na akili kwa muda. Kushambulia na kudhuru mwili adhabu yake ni hadi miaka 5 jela, kujeruhi vibaya hadi miaka 7, na kuua bila kukusudia inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtoto aliyetimiza miaka 12 hana kinga ya umri: anashtakiwa kwenye Mahakama ya Watoto. Hafungwi jela kama mkubwa, lakini anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, iliyoko Irambo, Mbeya, mbali na kwao. Akifikisha 18 anahesabiwa mtu mzima. Na kwa wale wanaodhani mume ana ruhusa ya kumrudi mkewe, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikwisha sema hana.

Sasa lile la Afisa Ustawi wa Jamii. Baada ya mchezo kama huu, mtoto mmoja atabaki nyuma. Atajifanya anaokota vikombe. Atakuambia, "Mwalimu, kwetu iko hivyo." Takwimu zinakuandaa: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini. Kwa hiyo usishangae, wala usionyeshe kushtuka. Msikilize mahali panapoonekana lakini pasiposikika. Usimwahidi siri, maana huenda usiweze kuitunza. Mwambie utamweleza mtu mmoja anayeweza kusaidia. Usiende kumkabili mzazi wake. Mpeleke kwa mwalimu wa malezi au Afisa Ustawi. Simu ya msaada kwa watoto ni 116, na kuipiga ni bure. Kama kuna hatari usiku huohuo, piga 112. Aliyeumia sana apelekwe hospitali kwanza. Fomu ya PF3, ile ya polisi inayomwezesha daktari kuandika majeraha yatumike kama ushahidi, inaweza kufuatiliwa baadaye, nayo haiuzwi. Mtu akikudai fedha kwa ajili ya PF3, uliza risiti na jina lake.

Wachezaji nao wana haja zao. Kijana aliyecheza Shija asiondoke akiwa bado Shija. Mwishoni kila mmoja avue vazi la mchezo, ataje jina lake halisi na aseme jambo moja linalomtofautisha na mhusika wake. Badilisha wahusika kila mara. Nimeona vikundi ambavyo mvulana mmoja mwenye sauti nzito hucheza mpigaji mwaka mzima, mpaka mtaani anaitwa kwa jina hilo. Siyo haki. Na msichana mwenye alama za kipigo usimpe nafasi ya Doto, hata kama anaiomba, mpaka umeongea naye faragha.

Baada ya vikao vinne hadi sita mnaweza kwenda hadharani. Siku nzuri zipo: 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, na siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, wakati ambapo halmashauri huwa zinatafuta vikundi vya kuonyesha. Mnadani watu ni wengi ila kelele ni nyingi pia, kwa hiyo anzeni na ngoma. Watu wa usukumani hawapiti ngoma bila kusimama. Mkifika pale pa "Ganda!", usikimbilie kuwauliza vijana peke yao. Waulize na wanaume watu wazima waliosimama nyuma wakiwa wamekunja mikono, kwa adabu, kwa shikamoo yake: "Mzee wangu, ungekuwa wewe ndiye Shija, ungefanyaje?"

Wengine watajibu na wengine wataondoka. Wewe andika majibu kwenye daftari, na kikao kijacho cha vijana anzia hapo.